Wingu lisilonyesha: galaksi tunazoziona kutoka Bahi, na maisha ya nyota zilizomo

Mtoa mada

Wanajamvi, salaam.

Katikati ya Novemba, siku chache kabla ya mvua za kwanza, nilikuwa Bahi, mkoani Dodoma, kwa mzee mmoja mkulima wa mpunga ambaye hunihesabu kama mwanawe. Ilikuwa yapata saa tano usiku, hakukuwa na mwezi, nasi tulikuwa tumekaa nje kwa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Nilimwonyesha upande wa kusini, si juu sana kutoka upeo wa macho, doa jeupe hafifu lenye upana wa vidole vitatu mkono ukiwa umenyooshwa, nikamwuliza wao hulijuaje. Mzee alijibu bila kufikiri sana kwamba hilo ni wingu lisilonyesha: amekuwa akiliona tangu utotoni kila ufikapo wakati wa kutayarisha majaruba, na halijawahi kumletea hata tone moja.

Mzee ameliangalia vizuri kuliko wengi wetu tuliosoma. Wataalamu wa falaki nao huliita wingu, Wingu Kubwa la Magellan, ingawa ni galaksi, yaani mkusanyiko wa nyota mabilioni zilizoshikwa pamoja na mvutano wao wenyewe. Liko umbali wa miaka nuru takriban 160,000, na mwaka nuru mmoja ni karibu kilomita trilioni 9.5. Kulia kwake kidogo lipo Wingu Dogo, lililo umbali wa miaka nuru kama 200,000. Ukigeuka ukatazama kaskazini, karibu nusu ya njia kati ya upeo na utosi, kipo kiukungu kirefu kinachoonekana vyema zaidi ukitazama pembeni yake kidogo badala ya kukikazia macho: hiyo ni galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka nuru milioni 2.5. Ukijumlisha na Njia ya Maziwa, ambayo ndiyo galaksi yetu sisi, unapata galaksi nne kwa macho matupu, kutoka kwenye kigoda kimoja.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu aina za galaksi na maisha ya nyota hufundishwa kama mada mbili zisizojuana, na mwanafunzi huishia kukariri majina ya pande zote mbili. Kwangu hiyo ni mada moja. Mfugaji wa huku kwetu akitazama kundi la ng'ombe kwa mbali, haulizi umri wa kila mmoja. Anaangalia kama kuna ndama. Kundi lenye ndama wengi linaongezeka, na kundi la ng'ombe wazee watupu limekwisha kusimama. Galaksi nazo husomwa hivyo hivyo, ila inabidi kwanza ujue ndama wa nyota anafananaje.

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi baridi na vumbi. Usiku ule Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion, alikuwa amekwisha kupanda upande wa mashariki, na karibu na nyota tatu za mkanda wake kuna mstari mfupi wa nyota ambao ndio upanga. Nyota ya katikati ya upanga ina ukungu, na ukungu huo ni wingu la gesi lililo umbali wa miaka nuru kama 1,300, ambamo nyota zinazaliwa wakati huu tunaozungumza. Sehemu ya wingu inapoelemewa na mvutano wake yenyewe hujikunja, kitovu chake hupata joto, na joto hilo likifika kwenye nyuzi milioni 10 hivi, viini vya haidrojeni huanza kuungana na kuwa heliamu. Tangu hapo nyota huishi katika mieleka isiyo na mapumziko: mvutano unaikandamiza kuingia ndani, nao msukumo wa gesi yenye joto kali unaizuia isiporomoke. Jua letu huunganisha takriban tani milioni 600 za haidrojeni kila sekunde, na kati ya hizo karibu tani milioni 4 hugeuka kuwa nishati. Limefanya kazi hiyo kwa miaka bilioni 4.6, na lina akiba ya kama bilioni 5 nyingine.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba nyota yenye mali nyingi ndiyo inayofilisika mapema. Nyota yenye tungamo mara kumi ya Jua hung'aa mara maelfu kuliko Jua, kwa hiyo humaliza akiba yake katika miaka milioni 20 au 30 tu. Kinyume chake, nyota ndogo nyekundu kama Proxima, jirani yetu wa karibu kuliko zote, hutumia kwa ubahili kiasi kwamba inaweza kuishi kwa matrilioni ya miaka. Ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 13.8, maana yake hakuna nyota ya namna hiyo iliyowahi kufa kwa uzee, popote pale.

Rangi ndiyo inayotujulisha. Aliyewahi kukaa karibu na mhunzi anajua kwamba chuma kinapoanza kushika moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha machungwa, na kikikolea hasa huelekea weupe. Nyota hufuata utaratibu huo na kuuvuka: nyekundu ndiyo yenye joto dogo usoni, ya manjano kama Jua ina nyuzi kama 5,500, na zenye joto kali kuliko zote ni za buluu. Sasa unganisha mambo hayo mawili. Nyota za buluu ni zile kubwa, na zile kubwa haziishi muda mrefu. Kwa hiyo popote unapoona buluu, ujue nyota zimezaliwa hapo karibuni, kwa hesabu za mbinguni. Hao ndio ndama.

Mfano wa karibu ni Kilimia, ambacho usiku ule kilikuwa juu kaskazini mashariki. Wahenga walikitumia kupima msimu wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota zake angavu zina weupe wa kibuluu, na umri wake ni kama miaka milioni 100. Miamba ya matale iliyozagaa hapa Dodoma, ile tunayoipita kila siku bila kuisalimia, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Tulikuwa na mawe haya muda mrefu sana kabla Kilimia hakijakuwapo.

Kuhusu kufa nitakuwa mfupi. Nyota ya kadiri ya Jua ikiishiwa na haidrojeni kitovuni huvimba na kuwa jitu jekundu, kisha huvua matabaka yake ya nje, na kitovu kilichobaki hupoa polepole kama kibete cheupe, kitu chenye ukubwa wa Dunia lakini chenye uzito unaokaribia wa nyota. Nyota yenye tungamo la zaidi ya mara nane hivi ya Jua huendelea kuunganisha elementi nzito zaidi hadi ifike kwenye chuma, na chuma hakitoi faida yoyote kwa kuunganishwa. Hapo mieleka huisha ghafla: kitovu huporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja, na sehemu ya nje hulipuka kama supanova. Kinachobaki ni nyota ya nutroni, yenye kipenyo cha kilomita kama 20, yaani si zaidi sana ya kutoka Dodoma mjini hadi Mtumba, au shimo jeusi.

Basi turudi kwenye galaksi. Mwaka 1926 Edwin Hubble, Mmarekani, alizipanga kwa sura: za duaradufu, za mzingo wenye mikono, za mzingo wenye pau (mstari mnene wa nyota) katikati, na zisizo na umbo maalumu. Katikati ya duaradufu na mzingo huwekwa zenye umbo la dengu, ambazo zina sahani lakini hazina mikono. Mchoro wake ulifanana na uma wa meno mawili, na wengi waliutazama wakadhani ni safari ya maisha, kwamba galaksi huanza ikiwa duaradufu kisha ikaota mikono. Sivyo. Njia inayojulikana zaidi inakwenda kinyume, kwani galaksi mbili za mzingo zikigongana na kuchanganyika huweza kuacha duaradufu.

Galaksi ya duaradufu ni kundi lisilo na ndama. Ina gesi baridi kidogo mno, nyota zake nyingi ni nzee, na rangi yake huelekea wekundu kwa sababu za buluu zilikwisha kufa bila kuacha warithi. Galaksi ya mzingo ina gesi kwenye sahani yake, na mikono yake huonekana ya buluu kwa sababu ndiko nyota zinakozaliwa. Mkono wenyewe si ukuta wa nyota zilizofungwa pamoja. Fikirieni ng'ombe mlangoni mwa josho: kila mmoja hufika, husongamana na wenzake, huzama, hutoka na kwenda zake, lakini msongamano haubanduki pale mlangoni. Gesi ikipita kwenye msongamano hubanwa na kuzaa nyota, na zile kubwa za buluu hufa kabla hazijafika mbali, ndiyo maana mkono unang'aa na nafasi kati ya mikono imefifia. Jua lenyewe limepita mikononi mara kadhaa, kwa sababu huzunguka kitovu cha galaksi mara moja kwa kila miaka milioni 230 hivi.

Wingu la yule mzee ni la kundi la nne, la zisizo na umbo maalumu. Ni dogo, lina gesi tele, na linazaa kwa kasi.

Mpita Njia

Mkuu, uzi umetulia, ahsante. Nina mambo mawili. Kwanza, je, hii ndiyo sababu moto wa jiko la gesi ni wa buluu na mkaa ni mwekundu? Pili, nimekuwa nikisikia kwamba nyota nyingi tunazoziona zilishakufa zamani na tunachokiona ni mwanga wao uliobaki njiani. Mbona wewe unazizungumzia kama zipo?

Mtoa mada

Ndugu yangu, mkaa ndiyo, gesi hapana. Mkaa hung'aa kwa joto lake tu, sawa na chuma cha mhunzi. Buluu ya jiko la gesi hutoka kwenye vipande vya molekuli vinavyoundwa gesi inapoungua, kila kimoja na rangi yake, kwa hiyo huwezi kupima joto la moto ule kwa kuulinganisha na nyota.

Hilo la pili limeenea kuliko ukweli wake. Takriban nyota zote unazoziona kwa macho ziko ndani ya miaka nuru elfu chache, na nyingi ziko karibu zaidi ya hapo. Rijili Kantori, ile angavu ya kusini, iko umbali wa miaka nuru 4.4 tu. Umri wa nyota huhesabiwa kwa mamilioni na mabilioni ya miaka. Ni sawa na kupokea barua iliyoandikwa wiki iliyopita na mtu wa miaka thelathini ukaanza kumlilia. Hata Betelgeuse, bega jekundu la Jabari, ambalo lilififia mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 watu wakatangaza msiba, lilikuwa limezibwa na vumbi lililotoka ndani yake lenyewe. Litalipuka, ila wataalamu wanazungumzia muda wa hadi miaka 100,000 hivi.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, nimekusoma kwa furaha, lakini uniruhusu nikurekebishe mahali pamoja. Umesema Wingu Kubwa halina umbo maalumu ukaliacha hapo. Hubble aliliweka hivyo, lakini Gérard de Vaucouleurs aliyekuja baadaye alionyesha kwamba lina pau iliyo wazi na dalili ya mkono mmoja, na leo huchukuliwa kuwa mfano wa jamii ndogo inayobeba jina la Magellan. Yawezekana lilikuwa galaksi ya mzingo iliyotibuliwa na mvutano wa jirani zake. Usiwafundishe vijana kwamba kila kisichopangika kilizaliwa hivyo.

Nikiongeza, wingu hilo lina heshima nyingine. Mnamo tarehe 23 Februari 1987 Dunia ilifikiwa na mwanga wa supanova kutoka humo, ya kwanza kuonekana kwa macho matupu tangu mwaka 1604. Mwanga ulitanguliwa kwa saa chache na nutrino, chembe ambazo hupenya karibu kila kitu, na mitambo ya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti ilinasa kama 25 tu kati ya idadi isiyohesabika iliyopita. Zilitangulia kwa sababu hutoka kitovuni mara kinapoporomoka, ilhali mwanga husubiri mshtuko ufike juu ya uso wa nyota. Nyota iliyolipuka ilikuwa jitu la buluu, wakati vitabu vya siku hizo vilitarajia jekundu, na ililazimu vitabu vibadilishwe.

Mtoa mada

Shikamoo mwalimu. Nimeyapokea, na sentensi yangu ya mwisho kwenye bandiko la kwanza isomwe pamoja na marekebisho haya. Sikuwa nimeitilia maanani ile pau, ingawa hata kwa macho ule weupe wa katikati una urefu zaidi kuliko upana.

Mkulima wa Zabibu

Mimi niko Hombolo, na elimu yangu ya fizikia iliishia kidato cha nne, kwa hiyo mnivumilie. Mtu akiniambia kitu kiko umbali wa miaka nuru milioni 2.5, nataka kujua nani alishika upande wa pili wa kamba. Pia, hizo habari za Andromeda kutugonga ni za kweli?

Mtoa mada

Kaka, swali lako la kwanza ndilo zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na jibu lake limo ndani ya Wingu Dogo. Henrietta Leavitt alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha uchunguzi wa nyota cha Harvard, akikagua sahani za picha zilizopigwa kutoka Peru, na humo alikuta nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpigo maalumu. Kwa kuwa zote zilikuwa ndani ya wingu moja, zilikuwa na umbali unaolingana kwetu. Kwa hiyo iliyoonekana angavu zaidi ilikuwa angavu zaidi kweli. Mwaka 1912 alitangaza kwamba kadiri mpigo unavyochukua muda mrefu ndivyo nyota inavyokuwa angavu. Maana yake ukihesabu siku za mpigo unajua taa ina nguvu kiasi gani, na ukilinganisha na inavyoonekana kwako unajua iko mbali kiasi gani, kama unavyokadiria umbali wa pikipiki usiku kwa taa yake. Mwaka 1923 Hubble alipata nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda, akapiga hesabu, na ubishi wa iwapo Andromeda ni wingu la ndani ya galaksi yetu au ni galaksi nyingine ukaisha. Takwimu yake ilikuwa ndogo kuliko tunayotumia leo, kwa sababu nyota za mpigo ziligundulika baadaye kuwa za aina zaidi ya moja, ila hoja yake haikuanguka.

Kuhusu kugongana, kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kutatokea baada ya miaka bilioni 4 hivi bila shaka. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2025, zilizojumlisha mvutano wa majirani likiwamo hili Wingu Kubwa, zilishusha uwezekano hadi karibu nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Na hata zikigongana, nafasi kati ya nyota na nyota ni kubwa kiasi kwamba nyota zenyewe zitapishana. Zitakazogongana ni gesi, na gesi ikibanwa huzaa nyota nyingi kwa mara moja, halafu huisha. Hivyo ndivyo kundi linavyoweza kupata ndama wengi msimu mmoja na kubaki bila hata mmoja baadaye.

Mkulima wa Zabibu

Nimeelewa, hasa ile ya pikipiki. Na huu udongo wetu mwekundu? Kuna aliyeniambia wekundu wake umetoka kwenye nyota, nikadhani ananitania.

Mtoa mada

Hakukutania. Wekundu huo ni kutu, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Oksijeni ilipikwa ndani ya nyota kubwa na kutawanywa zilipolipuka. Chuma kingi zaidi kilitoka kwa njia tofauti kidogo: kibete cheupe kikinyonya gesi ya nyota mwenzake, au kikiungana na kibete kingine, huweza kulipuka chote na kugeuza sehemu kubwa ya mwili wake kuwa elementi za jamii ya chuma. Ndiyo maana mtu hawezi kuvidharau vibete hivyo kama majivu. Dhahabu ya Geita ina historia nyingine tena; angalau sehemu ya dhahabu ya ulimwengu hutengenezwa nyota mbili za nutroni zinapogongana, na tukio la namna hiyo lilishuhudiwa tarehe 17 Agosti 2017 ndani ya galaksi iitwayo NGC 4993, ambayo, kwa faida ya wanaokariri, ina umbo la dengu.

Fundi wa Ihumwa

Wakuu, mimi nafanya kazi za umeme na nakiri dhambi. Taa nyingi tunazozifunga mjini zinamulika juu kama zinavyomulika chini, na tangu shughuli za serikali zilipohamia Dodoma kwa wingi, mbingu ya upande wa Mtumba imekuwa na weupe usiku kucha. Nilijaribu kuitafuta hiyo Andromeda nikiwa nyumbani nikaambulia patupu. Taa yenye kofia, inayoelekeza mwanga chini tu, haigharimu zaidi sana, na mteja hupata mwanga mwingi zaidi pale anapouhitaji. Ila mteja huwa haombi, na sisi huwa hatumwambii.

Binti wa Mpwapwa

Shikamooni nyote. Baada ya kuwasoma nilitoka nje jana saa nne na nusu usiku pamoja na bibi. Mawingu yote mawili nimeyaona, la kwanza kwa shida mpaka macho yalipozoea giza kwa kama dakika ishirini, na bibi alilitambua mara moja kabla yangu ingawa analiita jina la Kigogo ambalo hataki niliandike vibaya. Andromeda sikuiona kwa sababu upande wa kaskazini umezibwa na mlima.

Mtoa mada

Marahaba mdogo wangu, mpe bibi salamu zetu. Nenda mahali palipo wazi upande wa kaskazini, na usichelewe sana usiku, kwa sababu kila siku nyota hutangulia kwa dakika nne. Andromeda itaendelea kuonekana kaskazini magharibi hadi katikati ya Januari mara tu giza likishika, kama mvua itakupisha. Tafuta kitu kirefu chenye ukungu, na usikikazie macho.